Nani Alihesabu? Mwongozo kwa Watafiti Wapya wa Usalama na Mambo ya Kanda

Mwongozo huu ni wa mtafiti anayeanza kazi katika mojawapo ya ofisi za utafiti wa sera hapa Kamwokya, Kampala, aliyekabidhiwa meza, kompyuta na mada yenye maneno kama "amani", "ulinzi" au "Maziwa Makuu". Hadidu za rejea zitakueleza unachotakiwa kuwasilisha na tarehe yake. Zitakuwa kimya kuhusu namna ya kusimama mbele ya kamati ya Bunge ukaulizwa swali moja tu: hii idadi umeipata wapi?

Kwanza ujue ulipo. Mtaa wa Kanjokya, yalipo makao ya taasisi ya utafiti wa sera ya ACODE, uko karibu kwa miguu na Windsor Loop, ulipo Ubalozi wa Uingereza. Ukishuka upande wa pili unaingia Kifumbira, vyumba vya kupanga vimebanana hadi kwenye mtaro wa maji machafu. Wafadhili wa utafiti wako juu na watoto wa askari wako chini, na katikati ni soko ambamo sote tunanunua rolex, chapati ya mayai, asubuhi. Utakaa ofisini ukiandika kuhusu Mogadishu na Goma, kumbe muuza nyanya ana mdogo wake aliyerudi kutoka Somalia na mguu wa bandia. Usimgeuze kuwa mfano wa kupamba ukurasa wa kwanza, ila usijifanye hayupo.

Kila idadi ina mwenyewe

Sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba hakuna idadi ya waliokufa isiyo na mtu aliyeihesabu, na aliyehesabu ana sababu zake. Tarehe 26 Mei 2023 wapiganaji wa kundi la al-Shabaab walishambulia kambi ya Buulo Mareer, Somalia, ya wanajeshi wa Uganda waliokuwa chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, ATMIS. Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba miili 54 ya wanajeshi imepatikana. Al-Shabaab wao walidai 137. Mtafiti mgeni huandika mojawapo na kuendelea na aya inayofuata, au vibaya zaidi, huandika "kati ya 54 na 137", kana kwamba ukweli umelala usingizi mahali fulani katikati. Haujalala hapo. Hizo ni kauli mbili za pande mbili zinazopigana, na ziandikwe hivyo: serikali ilitaja 54, kundi lilidai 137. Kama una chanzo cha tatu, kitaje kwa sifa zake. Kama huna, nyamaza.

Tofauti nyingine hutokana na wakati tu. Mabomu ya Julai 11, 2010, pale Kyadondo na kwenye mgahawa wa Ethiopian Village huko Kabalagala, mwanzoni yaliripotiwa kuua watu 74, na ndiyo idadi ambayo bado utaikuta katika maandiko mengi. Mashtaka yalipofika mahakamani yalikuwa ya mauaji ya watu 76. Hapa hakuna anayedanganya. Majeruhi walifariki baadaye, na aliyeandika mapema hakurudi kusahihisha. Kwa hiyo kila idadi iende na tarehe ya siku iliyotolewa, na si ya tukio peke yake.

Ukiona haya ni mambo ya makarani, soma kesi ya Kongo dhidi ya Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 2005 mahakama hiyo iliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria za kimataifa kwa vitendo vya majeshi yake nchini Kongo. Kilichobaki kikawa ni bei. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11, na katika hesabu zake ilitaja raia 180,000 waliouawa. Majaji waliomba ushahidi wa idadi hiyo, wakaona haukutosha. Walisema ushahidi uliokuwepo uliashiria vifo kati ya 10,000 na 15,000. Hukumu ya Februari 9, 2022 ilitoa dola milioni 325: 225 kwa madhara kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili, zilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Mtu wa Kisangani anaweza kuiona fidia hiyo ndogo mno, na mlipa kodi wa Kampala akaiona kubwa, na kila mmoja ana haki ya maoni yake. Mtafiti aone kitu kingine: vijiji ambako hakuna aliyeandika majina mwaka 1999 havikuwa na karatasi ya kuonyesha mwaka 2022. Daftari lako la leo huenda likawa ndiyo karatasi hiyo.

Mimi mwenyewe niliumbuka kwenye hesabu rahisi kuliko hiyo. Kundi lenye silaha la M23 lilipoiteka Bunagana, mji wa Kongo ulio mpakani na Uganda, Juni 13, 2022, nilitumwa Kisoro kuandika kuhusu waliovuka mpaka. Jioni nilisimama na kuhesabu watu wakiingia na magodoro, asubuhi iliyofuata nikahesabu tena, nikajumlisha. Kwenye rasimu yangu idadi ilikuwa ya kutisha. Mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kirago chake ndiye aliyenirekebisha, kwa upole ulionikera zaidi kuliko kama angenicheka: "Mwanangu, mimi umenihesabu jana. Tunalala huku, mchana tunarudi kulima." Watu walewale, mara mbili. Nilifuta kurasa mbili. Tangu siku ile, kabla ya kuhesabu watu mpakani naanza kwa kuuliza walilala wapi.

Majina ya makundi

Kanda yetu ina taabu ambayo wenzetu wa lugha nyingine hawaioni: majina mengi ya vita ni Kiswahili chetu wenyewe. Operesheni ya pamoja ya jeshi la Uganda, UPDF, na jeshi la Kongo dhidi ya kundi lenye silaha la ADF, iliyoanza Novemba 30, 2021, wiki mbili baada ya mabomu ya katikati ya Kampala, inaitwa Shujaa. Wanamgambo wanaopigana upande wa serikali ya Kinshasa huko Kivu wanaitwa Wazalendo. Kuna Raia Mutomboki, raia waliokasirika. Mai-Mai wenyewe jina lao limetoka kwenye maji ya dawa. Ukiandika kwa Kiingereza, majina hayo hubaki kama lebo. Ukiandika kwa Kiswahili bila tahadhari, sentensi yako inamsifu mtu: "wazalendo waliingia kijijini na kuchukua ng'ombe" inasomeka kama kichekesho Dodoma na kama tusi huko Masisi.

Andika kwa herufi kubwa, na mara ya kwanza eleza ni nani: "wanamgambo wanaojiita Wazalendo". Neno "magaidi" liachie sheria na hukumu, au kauli ya anayelitumia. Katika sauti yako tumia "kundi lenye silaha" na utaje vitendo. Kitendo kikielezwa sawasawa, msomaji hahitaji kusaidiwa kukasirika.

Vivyo hivyo kwa tuhuma kati ya serikali. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walioandika kuhusu Kongo mwaka 2024 waliituhumu Uganda kwa kuwasaidia M23, na Uganda ikakanusha. Sentensi yako ibebe vyote viwili, tuhuma na kanusho, na iseme wataalamu walitegemea nini. Ukikata kanusho kwa sababu huliamini, umeacha utafiti umeingia siasa. Ukikata tuhuma kwa sababu unaogopa, pia.

Kiswahili na kiti cha plastiki

Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni ya karatasi. Kwa wazee wengi wa Kampala, Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani: lugha ya "toka nje" na "lala chini" ya miaka ya sabini na themanini, na hadi leo ni lugha ya jeshini. Ukibisha hodi Kifumbira saa mbili usiku na "hamjambo" yako nzuri ya vitabuni, utajibiwa na mlango uliofungwa.

Anza kwa Luganda, hata kama ni cha kuokoteza. Msalimie mzee kama ssebo, mama kama nnyabo, subiri upewe kiti. Kiti cha plastiki kikitolewa ndani na kufutwa vumbi kwa kanga, mahojiano yameanza. Kabla ya hapo usitoe daftari. Kiswahili kitafaa sana baadaye, unapozungumza na wale waliotoka Ituri au Kivu, ambao kwao ndiyo lugha ya soko na ya kanisa. Kwa askari mstaafu, mwite afande hata kama sasa anauza mkaa, kisha mwache achague lugha.

Watu watakujibu swali lao, si lako. Umekwenda kuuliza kuhusu mkakati wa Umoja wa Afrika Somalia. Mama atakuuliza kwa nini posho ya mwanawe ilipungua. Usimkatishe. Dola 1,028 kwa mwezi zilizokuwa zikitolewa kwa kila mwanajeshi wa AMISOM, kikosi kilichoitangulia ATMIS, serikali ikikata kama 200 kabla askari hajapata zake, na uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa Januari 2016 kupunguza fungu hilo kwa asilimia 20, ni sera ya ulinzi ya kimataifa iliyofika hadi kwenye karo ya watoto wa Kamwokya. Mama huyo yuko ndani ya mada kuliko wewe.

Vibali, na mahali pa kuficha majina

Hili nitalipitia haraka kwa sababu msimamizi wako atalirudia mpaka uchoke. Kibali cha kamati ya maadili kwanza. Kisha kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia huko Ntinda. Kisha barua kwa RDC, mwakilishi wa rais katika wilaya unayokwenda. Kisha mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ana kwa ana. Huyu wa mwisho ndiye mdogo kwenye karatasi, na ndiye anayeweza kukufukuza kijijini. Nyaraka za serikali ziombwe kwa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005, inayompa ofisa siku 21 kujibu. Usitegemee sana chochote kinachogusa ulinzi, ila omba, maana kukataliwa kwa maandishi nako ni taarifa. Sheria ya Siri za Serikali ya 1964 bado ina meno. Mtu akikutumia karatasi yenye muhuri wa siri kwa WhatsApp, usiisambaze hata kwa mwenzako wa meza ya jirani. Mpigie simu mwanasheria wa ofisi.

Majina ya wahojiwa yakae kwenye daftari moja na maneno yao kwenye jingine, yaunganishwe kwa namba. Usitumie "mwanamke, miaka 43, mwenye duka la dawa karibu na kanisa": hilo ni jina kamili kwa kila jirani. Rekodi ihamishwe kutoka kwenye simu siku hiyohiyo, maana simu huibwa kwenye bodaboda, na mwizi hatajua alichoiba lakini anayenunua anaweza kujua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hayo pia, ingawa mimi ningeyadai hata bila sheria.

Kalenda

Maandiko mazuri ya sera hufa kwa kuchelewa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mjadala huwa umekwisha zamani: mfumo wa bajeti hufika Bungeni ifikapo Desemba 31, taarifa za sera za mawaziri ifikapo Machi 15, na bajeti hupitishwa ifikapo Mei 31. Andiko kuhusu matumizi ya Wizara ya Ulinzi likitoka Juni, umeandika historia. Lenga Februari, kurasa nne, pendekezo kwenye ukurasa wa kwanza. Mbunge wa Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani atalisoma garini kati ya Mbuya na Parliament Avenue, na foleni ya Jinja Road ndiyo rafiki yako pekee.

Mambo ya kanda nayo yana saa zake. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliingia Kongo Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023. Maandiko mengi ya kukishauri yalitoka kikiwa kinafunga mizigo. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, marais wa Jumuiya hiyo na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam Februari 8. Siku chache tu. Aliyekuwa na faili lililokwisha kuhakikiwa ndiye aliyesomwa.

Andiko likichapishwa, rudisha nakala mahali ulipoyachukua maneno. Tengeneza ukurasa mmoja wa Luganda na mmoja wa Kiswahili, usio na majina wala jedwali, upeleke kwa mwenyekiti wa LC1. Usome kwa sauti wale wasiosoma wakiwepo, na akitokea mtu akasema idadi fulani si sahihi, iandike pembeni pamoja na tarehe. Mwenyekiti atataka muhuri wa ofisi juu ya nakala yake. Nenda na muhuri, na wino wake.