Neno na kirai: somo kutoka kwa kitayarishi cha lugha ya C

Sisi wanafunzi wa lugha tunaohesabu kwa kompyuta huamini haraka nambari inayotokea kwenye skrini. Mimi niliamini moja isiyo sahihi, na nilipoichunguza nikaona kwamba kosa lake lilikuwa la sarufi kuliko la hesabu.

Nilikuwa nikilinganisha hadithi mbili, ya kwanza yenye sentensi 120 na ya pili 80. Niliandika programu ndogo kwa C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanzoni mwa faili niliweka:

#define JUMLA 120 + 80

Chini yake niliomba wastani: JUMLA / 2. Nilitazamia 100, nikapata 160. Nambari hiyo ilikuwa imekwisha kuingia katika jedwali la kazi yangu ndipo nikagutuka: wastani wa nambari mbili unawezaje kuizidi ile kubwa?

Kabla ya msimbo chanzo kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine, hupita kwanza kwa kitayarishi. Hapa hakikokotoi chochote. Kinabadilisha maandishi tu. Kila kinapokuta neno JUMLA, hulitoa na kuweka mahali pake yale tuliyoyafafanua. Amri gcc -E huonyesha matokeo ya kazi hiyo. Nilipoitumia, nilisoma:

120 + 80 / 2

Kugawanya hutangulia kujumlisha. Basi 80 kwa 2 ni 40, ongeza 120, ni 160. Mashine ilitii nilichoandika.

Kitayarishi kinajua mpaka wa neno: hakigusi JUMLAKUU, wala JUMLA iliyo ndani ya alama za kunukuu. Kisichojua ni kirai. Tuchukue mfano wetu wa darasani: «walimu na wanafunzi wapya». Je, wapya ni wote, au wanafunzi peke yao? Maneno ni yale yale, miundo ni miwili. Msikilizaji huamua kwa muktadha. Mashine haina muktadha, ina kanuni tu. Kwa hiyo «/ 2» ilishika 80 peke yake, kama «wapya» kinavyoweza kushika «wanafunzi» peke yao.

Dawa yake ni mabano:

#define JUMLA (120 + 80)

Ni mabano yale yale tunayochora katika somo la sintaksia kuonyesha viambajengo. Kumbe si pambo la mwalimu: yakikosekana, maana hubadilika na jedwali huharibika.

Zoezi. Mtu amefafanua:

#define MRABA(x) x * x

Kisha ameomba MRABA(2 + 3), akapata 11 badala ya 25. Andika kwanza maandishi yanayotoka kwa kitayarishi, halafu weka mabano panapostahili. Mwishowe jiulize: je, yanatosha pia kwa 100 / MRABA(5)?