Mkate wa Haraka Usiohitaji Hamira, Maziwa wala Mayai

Katika nyumba nyingi, za mijini na za mashambani, mkate ni kitu cha kununuliwa dukani. Ikiwa duka li mbali, au limekwisha fungwa, basi watoto hunywa chai tupu, hata kama umo unga wa ngano nyumbani. Watu wengi hudhani kwamba mkate hauwezi kupikwa pasipo hamira, tanuri, maziwa na mayai. Sivyo. Uko mkate unaoumuliwa kwa magadi, ambao huweza kuwa tayari karibu saa moja tangu unga kutiwa katika bakuli, wala hauna ndani yake kitu cho chote kitokacho kwa mnyama.

Mkate huu wafaa watu wa namna nyingi. Wafaa nyumba isiyo na ng'ombe, na mahali ambapo maziwa ni ghali wakati wa kiangazi. Wafaa watu wazima ambao matumbo yao hayapatani na maziwa, nao ni wengi katika Afrika. Wafaa Wakristo wa Kiorthodoksi, ambao wakati wa Kwaresima hujizuia nyama, maziwa na mayai, na pia watu waliokata shauri kutokula kabisa vitu vya wanyama. Lakini unga ni fedha, na mkate ulioharibika ni hasara. Kwa hiyo yafaa mpishi aelewe kwanza kazi ya magadi, kisha ndipo aanze kupika.

ASILI YAKE

Mkate wa namna hii una sifa kubwa katika nchi ya Ayalandi. Mnamo miaka ya 1830 magadi laini ya kuokea yalianza kuenea huko, na watu wa mashambani waliyapenda upesi. Ngano ya nchi ile ni laini, haifai sana kwa mkate wa hamira, na nyumba nyingi hazikuwa na tanuri. Wanawake walioka mkate katika chungu cha chuma chenye kifuniko, juu ya moto wa udongo wa kinamasi uliokaushwa, nao walipanga makaa juu ya kifuniko ili mkate uive pande zote mbili. Mpishi wa pwani ya Kenya hatastaajabia jambo hili, kwa kuwa kupalia makaa juu na chini ni desturi ya siku nyingi huko.

Watu wa Ayalandi walikuwa na mtindi mwingi, nao waliutumia kukandia unga. Lakini kilichotakiwa hasa katika mtindi ni ule uchachu wake. Mtu akiisha kulifahamu jambo hilo, aweza kuuacha mtindi na kutwaa uchachu kutoka katika tunda.

JINSI MAGADI YANAVYOUMUA UNGA

Hamira ni kitu chenye uhai. Hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa polepole, ndiyo sababu mkate wa hamira hungojewa saa moja, mbili au zaidi. Magadi hayana uhai. Yakikutana na maji yenye uchachu, mara hutokea povu. Povu hilo ni hewa iitwayo kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo ile ile itolewayo na hamira. Hewa hiyo hutoboa vishimo vingi vidogo katika unga uliolowana. Joto la moto huipanua, na unga huiva na kukauka kuizunguka. Basi mkate huwa mwepesi.

Kutokana na hayo hufuata mambo mawili. La kwanza, pasipo uchachu magadi hayafanyi kazi yote. Yakipata moto tu hutoa hewa kidogo, nayo mabaki yake huwa makali, yenye ladha ya sabuni. La pili, hewa huanza kutoka mara tu maji yanapogusa unga. Mpishi akiketi kuzungumza, hewa hutoroka yote, na mkate huwa mgumu kama jiwe. Methali husema kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini katika mkate huu baraka imo katika haraka. Kazi ya polepole ifanywe kabla maji hayajamiminwa: kuwasha moto, kupaka chombo mafuta na kupima kila kitu.

MAGADI YAPI?

Yapo magadi ya mawe yatokayo katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Watu wengi hutumia magadi ya namna hiyo kulainisha maharagwe, githeri na mboga. Hayo hayafai kwa mkate. Ndani yake mna chumvi mbili zilizochanganyika: moja ni laini, ya kuokea, na ya pili ni kali, nayo ndiyo itumiwayo kutengenezea sabuni na vioo. Tena yana floridi, ambayo ikizidi huharibu meno ya watoto.

Magadi yatakiwayo ni ule unga mweupe laini uuzwao madukani kwa jina la bekingi soda. Wala yasichanganywe na bekingi pauda, ambayo ni magadi yaliyokwisha changanywa na uchachu mkavu, na vipimo vyake ni vingine.

Magadi yaliyokaa wazi muda mrefu hupoteza nguvu. Ili kuyajaribu, mpishi atie chembe chache katika kijiko na kudondosha juu yake matone ya limau. Yakifanya povu kwa nguvu, ni mazima, yakinyamaza, yasitumiwe. Jaribio hilo lafaa pia kuonyeshwa watoto wa shule, kwa maana huona kwa macho yao kile kinachotendeka ndani ya mkate.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa mkate mmoja wa watu sita:

Unga wa ngano nusu kilo. Pakiti ya kilo 2 hutoa mikate 4. Theluthi moja ya unga huo yaweza kuwa atta, yaani unga usiokobolewa sana.
Magadi ya kuokea, kijiko kidogo cha chai kimoja, kilichosawazishwa kwa kisu.
Chumvi, kijiko kidogo kimoja au pungufu.
Maji safi mililita 300, yaani kikombe kikubwa kimoja na kidogo zaidi.
Maji ya limau au ndimu, vijiko vikubwa 3.
Mafuta ya mimea, kama ya alizeti, vijiko vikubwa 2.

Mahali pasipo na malimau, siki ya kiasi kile kile yafaa. Pwani, mpishi aweza kuroweka ukwaju katika maji hayo, kuukamua na kuuchuja vizuri. Tena badala ya nusu ya maji aweza kutia tui la nazi, nao mkate utakuwa laini na wenye harufu njema. Lakini tui halina uchachu wa kutosha, kwa hiyo limau lisiachwe.

Mpishi atakaye kuchanganya unga wa wimbi au wa mahindi asizidishe robo ya unga wote. Ngano ina gluteni, ambayo huvutika na kuishika hewa; wimbi na mahindi hayana.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, moto uwashwe. Aliye na tanuri aipashe mpaka nyuzi 200 za Selsiasi. Atumiaye jiko la makaa angoje mpaka makaa yote yawe mekundu na moshi uishe.

Pili, unga, magadi na chumvi vichekechwe pamoja mara mbili. Hatua hii isirukwe. Donge dogo la magadi likisalia huacha doa la manjano na ladha chungu mahali pamoja.

Tatu, limau na mafuta vitiwe katika maji. Shimo lifanywe katikati ya unga, maji yamiminwe karibu yote kwa mara moja, na mpishi achanganye upesi kwa vidole vilivyopanuliwa, akizunguka kutoka katikati kwenda kando. Unga uwe laini, wa kunata kidogo. Ukiwa mkavu, maji yaliyobaki yatiwe.

Nne, unga usikandwe kama wa chapati. Kukanda sana huukaza na kuitoa hewa. Ukusanywe tu uwe donge la mviringo, lenye unene wa vidole vitatu, na kulazwa katika chombo kilichopakwa mafuta.

Tano, ukatwe juu alama ya msalaba kwa kisu, mpaka karibu nusu ya unene wake. Wazee wa Ayalandi husema kwamba ni kuubariki mkate. Faida yake nyingine ni kwamba joto hupata njia ya kufika katikati, na mkate hupanuka pasipo kupasuka ovyo.

Sita, utiwe motoni mara moja. Tangu maji kumiminwa mpaka hapa zisipite dakika 5. Katika tanuri huiva kwa dakika 40 hadi 45.

MOTO JUU NA CHINI

Asiye na tanuri atwae sufuria kubwa nzito, atandaze ndani yake mchanga mkavu safi wa unene wa kidole kimoja, na kuifunika mpaka ipate moto. Kisha aweke juu ya mchanga sufuria ndogo yenye mkate, afunike ile kubwa kwa kifuniko bapa, na kupanga makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana moto mwingi wa chini huunguza mkate kabla katikati hapajaiva. Kifuniko kisifunuliwe kwa muda wa dakika 25 za kwanza. Kwa kawaida mkate huwa tayari baada ya dakika 45 au 50.

Jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo imeua watu wengi katika usingizi. Kazi hii ifanyike nje, au jikoni penye mlango na madirisha wazi. Na baada ya kupika jiko lisiingizwe chumbani ili kuleta joto.

Ili kujua kama mkate umeiva, mpishi aupindue na kuugonga chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva. Ukilia kizito, urudishwe motoni dakika 5. Kisha uviringwe katika kitambaa safi ili ganda lilainike, na kuachwa nusu saa kabla ya kukatwa. Ukikatwa ungali moto, ndani huonekana kama ubichi.

MAKOSA NA SABABU ZAKE

Mkate ukiwa na rangi ya manjano na ladha ya sabuni, magadi yalizidi au limau lilipungua. Dawa ya mkate usioumuka si kuongeza magadi, ijapokuwa wengi hufanya hivyo na kuharibu unga mwingine tena.

Mkate ukiwa bapa na mzito, ama magadi yalikuwa yamekufa, ama mpishi alichelewa. Ukiwa mgumu wa kuvunja meno, unga ulikandwa sana au maji yalikuwa machache. Ukiungua chini na kuwa mbichi katikati, makosa ni ya moto.

KUULA MKATE HUU

Mkate wa magadi hukauka upesi kuliko wa hamira, basi uliwe siku ile ile au kesho yake. Kipande kilichokauka huwa kitamu kikichomwa juu ya makaa.

Ngano peke yake haiujengi mwili vizuri, maana imepungukiwa na sehemu moja ya utomwili iliyomo kwa wingi katika maharagwe, kunde na dengu. Mkate ukiliwa pamoja na vitu hivyo, kila kimoja hujaza upungufu wa mwenzake. Mtu asiyekula kabisa vitu vya wanyama apate pia vitamini B12 kwa vidonge au kwa vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo, kwa sababu haipatikani katika nafaka wala mboga, na ukosefu wake hudhuru damu na neva. Na mgonjwa wa shinikizo la damu apunguze chumvi katika mkate, akikumbuka kwamba magadi nayo yana sodiamu kama chumvi.

Katika mkate wa kwanza vipimo hivi vifuatwe bila kubadilishwa. Mkono ukiisha zoea, mpishi aweza kuongeza iliki, zabibu kavu au ufuta kwa kadiri apendavyo. Lakini kiasi cha magadi na cha limau kibaki kama kilivyo.