Kabla Hujahamia Ujerumani, Anza na Sanduku la Barua

Mtu anayejiandaa kwenda Ujerumani, awe mwanafunzi au muuguzi aliyepata mkataba, huulizia mambo mawili: baridi na mshahara. Baridi ni suala la koti na viatu, utaizoea. Mshahara tutaufikia. Kitu ambacho sijamsikia mtu akiulizia ni sanduku la barua, na hicho ndicho kinachowatoa watu jasho mwaka wa kwanza.

Kwetu mambo yanakwenda kwa mdomo. Bili ya maji ikichelewa kulipwa, mama mwenye nyumba anagonga mlango. Mgeni akipotea njia, muuza genge anamwonyesha. Ujerumani mambo yanakwenda kwa karatasi, na karatasi inakuja mlangoni kwa posta. Jina lako lisipobandikwa kwenye sanduku la barua, mpeleka barua haulizi majirani kama unakaa hapo. Barua inarudi ilikotoka, na ndani yake pengine mna kadi ya benki au ya bima uliyoingoja wiki tatu. Kwa hiyo siku unayokabidhiwa funguo, bandika jina, hata kwa karatasi na selotepu.

Siku chache baadaye nenda ofisi ya mji ukajiandikishe. Wao wanaita Anmeldung, na sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia. Beba pasipoti na fomu aliyotia saini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli umeingia kwake. Kwetu barua ya serikali ya mtaa tunaifuata siku tunapoihitaji, tukienda benki au kumdhamini ndugu polisi. Kule usipojiandikisha, namba yako ya kodi ya mapato haiji, mwajiri anakukata kodi ya juu kabisa, na kufungua akaunti kunakuwa shughuli. Miji mikubwa kama Berlin nafasi za miadi hujaa haraka, hivyo ikamate mapema kwenye intaneti.

Nyumba yenyewe ina habari njema na mtego. Habari njema ni kwamba hakuna wa kukudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Unalipa mwezi kwa mwezi, na amana haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, tena una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Dalali naye, tangu Juni 2015, analipwa na aliyemtuma kazi, ambaye mara nyingi ni mwenye nyumba. Anayekuomba utume amana kabla hujaiona nyumba, kwa sababu eti yeye yuko nchi nyingine na funguo zitakuja kwa posta, ni tapeli.

Mtego uko kwenye tangazo. Utaona bei mbili: Kaltmiete, yaani kodi baridi, na Warmmiete, kodi ya moto. Ya baridi ni kuta tu. Ya moto imeongezwa makadirio ya joto la nyumba, maji, taka na usafi wa ngazi. Umeme na intaneti kwa kawaida havimo. Tena hayo ni makadirio. Mtu aliyelelewa na LUKU anajua umeme kwa namna moja: umenunua uniti, zinapungua, mita inaanza kupiga kelele, unaongeza au unalala giza. Matumizi yako unayaona kwa macho. Kule kampuni inakukadiria kiasi cha kila mwezi, unalipa, taa zinawaka, huna habari. Mwisho wa mwaka mita inasomwa, na ukiwa umezidisha unaletewa deni la tofauti. Joto la nyumba ndiyo kabisa. Mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya kipindi cha hesabu kuisha kukuletea hesabu hiyo, kwa hiyo joto ulilolifungulia Januari 2025 ukiwa umevaa fulana unaweza kudaiwa Desemba 2026.

Dawa yake ni ndogo. Siku ya kuingia, piga picha ya mita zote, namba zionekane. Ukipata kipato, tenga kidogo kila mwezi kwa ajili ya hesabu hiyo. Na wakati wa baridi fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi asubuhi na jioni, kisha funga. Najua inaonekana wazimu kufungua dirisha wakati nje kuna theluji. Lakini chumba unachopikia wali na kuanikia nguo huku kimefungwa wiki nzima kitaota ukungu mweusi kwenye kona, na mwenye nyumba anaweza kukudai gharama za kuuondoa.

Sasa mshahara. Kima cha chini cha kisheria tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Mtu wa saa 40 kwa wiki anafika euro 2,400 hivi kwa mwezi. Ndugu nyumbani wanazidisha kwa bei ya euro, wanapata mamilioni ya shilingi, na kesho yake ombi la bati la nyumba ya kijijini limefika. Hesabu hiyo ni ya mshahara wa kwenye karatasi. Kodi, pensheni, bima ya afya, ya matunzo ya uzeeni na ya kukosa kazi vinakatwa kabla hela haijakugusa, na kwa mtu asiye na mke wala mume anayemtegemea, makato huwa kati ya robo na theluthi. Kinachobaki ndicho kinacholipa kodi ya moto. Ushauri wangu, na najua hauwafurahishi wengi: picha ya hati ya mshahara, pamoja na makato yake, itume kwa mtu mmoja wa nyumbani mwenye busara, naye awaeleze wengine.

Makato hayo hata hivyo yana kazi. Kadi ya bima ukiionyesha kwa daktari, hakuna anayekutaka ulipe kwanza ndipo upimwe. Ila huendi hospitali kwa homa. Unatafuta daktari wa familia mtaani kwako na kuchukua miadi. Usiku au mwisho wa wiki kwa jambo lisilo la hatari piga 116117, na kwa linalotishia uhai, au moto, piga 112. Polisi ni 110. Ukiugua siku ya kazi, mwarifu mwajiri asubuhi ileile. Kurudi siku ya tatu na kusema "nilikuwa naumwa, bosi" kunaweza kukupa barua ya onyo.

Kuhusu barua, iko moja ya kuijua kwa rangi. Ni bahasha ya njano ya serikali au mahakama, na tarehe iliyoandikwa juu yake ndiyo inayoanza kuhesabu muda wako wa kupinga. Kwa faini ya barabarani, kwa mfano, muda huo ni wiki mbili. Usiitupe bahasha. Na kama hujaielewa, usiiweke juu ya friji ukisubiri Kijerumani chako kikue. Mpelekee anayeelewa siku hiyohiyo.

Saa nazo zitakuchanganya. Wiki yangu ya pili niliambiwa nifike "halb drei". Neno kwa neno ni nusu tatu, nami nikajua ni saa tisa na nusu alasiri. Nilipofika nikakuta mlango umefungwa. Kumbe nusu yao inakwenda kuitafuta saa tatu yao, haijaipita: ni saa nane na nusu mchana. Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tuna kazi mara mbili, basi andika miadi yote kwa tarakimu, 14:30, na usitafsiri kichwani. Miadi kwao haina "niko njiani nakaribia".

Jumapili maduka yamefungwa, isipokuwa ya stesheni na vituo vya mafuta, kwa hiyo mkate na maziwa nunua Jumamosi. Chupa tupu usizitupe, nyingi zina hela yake, senti 25 kwa ya plastiki ya kutumika mara moja, kama tulivyozoea kuacha chupa ya soda dukani. Jumapili hairuhusiwi pia kutoboa ukuta, na kengele ya jirani usiipige bila ahadi. Ukimya wa Jumapili ya kwanza unauma kuliko baridi. Wengi tunaumalizia kwenye simu ya nyumbani. Piga mchana, maana wakati wa baridi saa kumi na mbili jioni ya kule ni saa mbili usiku ya kwetu, na baba akishakaa mbele ya taarifa ya habari hapokei simu ya mtu.