Plazma ya mtumba: kioo kinavyotengenezwa na hesabu ya mnunuzi

Mwenye mtaji mdogo Korogwe au Handeni anayetaka kufungua kibanda umiza hukutana mapema na swali la televisheni. Plazma ya mtumba ya inchi 42 au 50 inaweza kumjaribu kwa bei yake, na kwa mpira picha yake bado ni nzuri sana. Unafuu huo una sababu, na kuielewa kunahitaji kujua kioo chenyewe kilivyotengenezwa.

Kioo cha plazma ni vioo viwili vilivyofungwa pamoja, katikati pakiwa na nafasi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye kioo cha nyuma kiwanda huchapa nyaya nyembamba za fedha, huzifunika kwa tabaka la kuhami umeme, kisha hujenga juu yake kuta ndogo ndogo. Kati ya kuta hizo hupakwa fosfori nyekundu, kijani na buluu. Kazi hii hupitishwa tanurini zaidi ya mara moja, kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600. Kioo cha mbele huwekewa nyaya zinazopitisha mwanga na utando wa oksidi ya magnesiamu, ambao hupakwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Vioo vikishaunganishwa, hewa iliyo katikati hunyonywa, gesi za neoni na zenoni huingizwa, na tundu huzibwa kwa kuyeyusha kioo. Baada ya hapo hakuna anayefungua tena.

Umeme ukipita, zenoni hutoa mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na fosfori huigeuza kuwa rangi. Tyubulaiti ya dukani hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila kioo cha nukta 1,024 kwa 768 kina vyumba vya gesi 2,359,296, na kila kimoja lazima kiwake.

Ugunduzi wenyewe ulifanyika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1964, mwaka ambao kituo cha umeme cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kazi. Ilichukua miongo mitatu kufikia televisheni ya rangi ya inchi 42, na mwaka 1997 ilipoingia madukani Marekani bei yake ilikaribia dola 15,000. Panasonic ilijenga viwanda vikubwa Amagasaki, Japani, ikitarajia kwamba uzalishaji mkubwa ungeshusha gharama. Gharama zilishuka kweli, lakini za LCD zilishuka haraka zaidi, kwa kuwa teknolojia hiyo ilikuwa na soko pia la kompyuta na simu. Plazma ilitegemea televisheni kubwa peke yake. Pioneer, ambayo picha zake zilisifiwa kuliko zote, ilitangaza kujitoa mwaka 2009. Panasonic ilisimamisha uzalishaji Desemba 2013, Samsung na LG zikafuata mwaka 2014.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba kioo kikipasuka au gesi ikivuja, televisheni imekwisha. Hakuna fundi wa Korogwe, Tanga wala Kariakoo anayeweza kuijaza gesi upya. Bodi za umeme ni habari nyingine. Hutolewa kwenye plazma zilizokufa, na fundi mwenye akiba nzuri anaweza kuifufua seti. Kwa hiyo plazma isiyowaka inunuliwe kwa bei ya vipuri tu, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni fyuzi.

Halafu kuna LUKU. Chukua plazma ya wati 250 na LED ya wati 80, kila moja ikiwaka saa 6 kwa siku. Kwa siku 30 plazma hula uniti 45, LED uniti 14.4. Tofauti ni zaidi ya uniti 30 kwa mwezi, karibu 370 kwa mwaka. Mnunuzi azidishe kwa bei anayolipa, ajumlishe na bei ya plazma, ndipo aulize bei ya LED mpya. Kwa vijiji vya Handeni vinavyotegemea sola au jenereta, hesabu hii karibu haina haja ya kufanywa.

Anayeamua kununua hata hivyo aiwashe nusu saa nzima, si dakika mbili. Aweke picha nyeupe tupu: nembo ya kituo iliyobaki kama kivuli, au matokeo ya mpira yaliyojichora pembeni, ni alama ya fosfori iliyochakaa, na muuzaji apunguze bei. Aulize kama king'amuzi chake kitaunganishwa kwa waya alio nao.

Kusafirisha nako kuna gharama yake. Seti ya inchi 42 ya zamani inaweza kufika kilo 30. Kutoka Korogwe kwenda Handeni ni kilomita 65 hivi. Isimamishwe wima garini na kufungwa kwa kamba, isilazwe juu ya magunia ya mahindi.