Hesabu ya Kuishi Kilifi
Kijitabu cha elimu kwa mpangaji, mnunuzi wa kiwanja na mwenyeji

Kijitabu hiki ni cha nani

Anayetaka kuhamia Kilifi huuliza kwanza, "Kodi ni pesa ngapi?" Ni swali la haki, ila jibu lake humwacha njiani. Kodi hulipwa kwa mkupuo mwanzo wa mwezi, ndiyo maana kila mtu huiona. Maji, nauli, makaa na tokeni za stima hutoka mfukoni shilingi ishirini leo, hamsini kesho, na haba na haba hujaza kibaba. Mwezi ukiisha, familia hujiuliza pesa zimekwenda wapi, na hakuna aliyeziandika.

Kijitabu hiki kinamfundisha msomaji kupima mahali pa kuishi kwa hesabu yake mwenyewe. Kinamfaa mpangaji mgeni, mnunuzi wa kiwanja, na pia mwenyeji aliyezaliwa hapa lakini hajawahi kuketi akajumlisha. Bei zilizotumika katika mifano ni za kufundishia hesabu tu. Ukifika mtaani, weka bei ulizozikuta.

1. Kilifi ni moja, maisha yake ni mengi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi, wengi kuliko Mombasa. Lakini anayeishi Mtwapa na anayeishi Ganze hawaishi maisha ya aina moja. Mtwapa, Kikambala na Vipingo huvutwa na Mombasa: watu hulala huku na kufanya kazi kule. Mji wa Kilifi una makao ya serikali ya kaunti, hospitali ya rufaa na Chuo Kikuu cha Pwani. Malindi na Watamu hutegemea sana watalii. Mariakani iko kando ya barabara kuu ya Nairobi na hupumua kwa malori. Ganze na Magarini ya ndani ni nchi ya mifugo na kilimo kinachongoja mvua. Ukanda wa bahari hupata mvua ya kutosha mahindi, minazi na mikorosho, lakini ukiingia bara mvua hupungua na ukame huja mara kwa mara.

Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16, uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, uliweka mstari wa umaskini kuwa Sh3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima kijijini, na Sh5,995 mjini. Tofauti hiyo inakaribia maradufu. Mkazi wa kijijini mara nyingi halipi kodi ya nyumba, na sehemu ya chakula chake huitoa shambani. Wa mjini hununua hata kisamvu. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa asilimia 46.4 ya wakazi wa Kilifi waliishi chini ya mstari huo, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 36.1. Kwa hiyo usiseme "Kilifi ni rahisi" au "Kilifi ni ghali" kabla hujataja mtaa, na kabla hujataja kipato cha anayeuliza.

2. Jumlisha kabla hujalinganisha

Chukua nyumba mbili. Ya kwanza iko mtaani karibu na kazi: kodi Sh9,000, maji ya mfereji Sh600 kwa mwezi, na mpangaji huenda kazini kwa miguu. Jumla ni Sh9,600.

Ya pili iko ndani zaidi: kodi Sh5,000. Haina mfereji, kwa hiyo familia hununua jerikeni 5 za lita 20 kila siku kwa Sh20 kila moja. Kwa siku 30 hiyo ni Sh3,000. Kufika kazini ni bodaboda ya Sh50 kwenda na Sh50 kurudi, siku 26 kwa mwezi: Sh2,600. Jumla ni Sh10,600.

Nyumba iliyoonekana kuwa rahisi kwa Sh4,000 imekuwa ghali kwa Sh1,000. Na bado hatujahesabu muda wa anayepanga foleni ya maji, ambaye mara nyingi ni mama au mtoto wa kike.

*Zingatia:* Mwezi wa kwanza una gharama zake: amana, ada ya ajenti, usafiri wa mizigo, na pengine amana ya mita ya maji. Uliza masharti ya kurudishiwa amana, nayo yaandikwe kabla ya kutoa pesa. Dai risiti kila ukilipa.

3. Maji: swali la kwanza, si la mwisho

Sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya Malindi, Kilifi na Mtwapa, na kiasi kinachofika Mombasa, hutoka kwenye visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Maji hayo husukumwa kwa pampu na kusafiri mbali. Umeme ukikatika Baricho au bomba likipasuka njiani, mifereji ya mbali hukauka. Ndiyo sababu kuwa na mfereji ukutani si sawa na kuwa na maji.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano inayotumia jerikeni 5 kwa siku hupata lita 20 tu kwa kila mtu. Ikitaka kufikia lita 50, lazima inunue jerikeni 12 na nusu.

Jerikeni 50 za lita 20 ni uniti moja ya maji kwenye mita. Ukinunua jerikeni kwa Sh20, unalipa Sh1,000 kwa uniti. Chukua bili ya jirani mwenye mfereji uone yeye analipa ngapi. Hapo utaelewa kuwa asiye na mfereji ndiye hulipa bei ya juu zaidi.

Waulize majirani, usimwulize mwenye nyumba peke yake:
- Maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi?
- Mara ya mwisho yalikatika kwa muda gani?
- Kuna tangi la akiba? Nani husafisha?
- Maji ya kisima yana chumvi? Yanafaa kunywa, au ni ya kufulia tu?
- Kisima kiko umbali gani kutoka choo cha shimo kilicho karibu?

4. Stima, feni na jiko

Mgeni kutoka bara huona feni kuwa anasa. Akifika Januari, kaskazi ikivuma na joto likipanda hadi Machi, hubadilisha mawazo. Feni ya wati 50 ikizunguka saa 10 kila siku hula nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Feni moja tu imekwisha kula nusu ya nafasi hiyo, na bado kuna taa, simu na friji.

Kwa hiyo uliza kama nyumba ina mita yake. Ploti ya wapangaji wengi kwenye mita moja huhesabiwa kama mtumiaji mmoja mkubwa, na wote hutozwa kiwango cha juu, hata anayewasha taa moja.

Tazama pia nyumba yenyewe. Mabati bila dari hufanya chumba kuwa tanuri adhuhuri. Madirisha yanayotazamana hupitisha upepo wa bahari bila malipo. Makuti hupoza, lakini hubadilishwa kila baada ya miaka michache na hushika moto upesi. Karibu na ufuo, hewa ya chumvi hula mabati, nondo na bawaba. Anayenunua nyumba ya ufuoni ahesabu ukarabati tangu siku ya kwanza.

Kwa kupikia, linganisha makaa ya kopo kwa siku 30 na gharama ya kujaza mtungi wa gesi. Makaa ya kopo yanaonekana kuwa nafuu kwa sababu hununuliwa kidogo kidogo. Moshi wake pia una bei, nayo hulipwa na kifua cha mpishi.

5. Kipato cha msimu, bei za msimu

Pwani huishi kwa pepo mbili. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, wavuvi wadogo huenda mbali na samaki hupatikana. Kusi ikishika, hasa Mei hadi Agosti, bahari huchafuka, mashua nyingi hukaa pwani na samaki hupanda bei. Utalii nao una majira yake. Desemba na Agosti hoteli hujaa, Mei na Juni baadhi hupunguza vibarua. Mvua za masika huharibu barabara za udongo, na nauli ya bodaboda hupanda siku hiyohiyo.

Anayepanga bajeti kwa kipato cha Desemba atadaiwa kodi Juni. Kanuni yetu ni nyepesi: chagua kodi unayoweza kuilipa katika mwezi wako mbaya zaidi. Ziada ya miezi mizuri iweke kwenye chama au akiba, isubiri kusi.

6. Ardhi: karatasi kabla ya pesa

Suala la ardhi Pwani lina mizizi mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa mwambao wasajili madai yao. Wengi hawakusajili, na ardhi waliyoilima vizazi kwa vizazi ikahesabiwa kuwa ya Serikali au ya wengine. Hadi leo kuna familia zinazoitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Anayenunua bila kuuliza hujiingiza kwenye mgogoro huo, na huenda akamwondoa mtu asiye na pa kwenda.

Kabla ya kulipa hata shilingi:
- Fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Nakala ya hatimiliki aliyokuonyesha muuzaji haitoshi.
- Mlete mpimaji mwenye leseni athibitishe mipaka uwanjani.
- Kama ni ardhi ya kilimo, hakikisha bodi ya udhibiti wa ardhi imeidhinisha mauzo.
- Kama ni ardhi ya familia, hakikisha mke au mume wa muuzaji ameridhia, na warithi wanajua.
- Nenda kiwanjani bila dalali. Wasalimie majirani, uwaulize nani hulima hapo na tangu lini.

*Zingatia:* Ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma chini ya Katiba ya 2010. Hakuna anayeweza kukuuzia ufuo. Mtaa uliofungiwa njia ya kwenda baharini umempokonya mvuvi bandari yake na mtoto uwanja wake wa kuchezea.

7. Yasiyoandikwa kwenye risiti

*Afya.* Zahanati ya karibu iko wapi, na ina dawa? Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku, nani atawachukua, kwa nauli gani? Kumbuka mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ulioanza Oktoba 2024: asilimia 2.75 ya kipato, na kwa asiyeajiriwa usiopungua Sh300 kwa mwezi. Uweke kwenye bajeti.

*Shule.* Karo ya shule za msingi za umma ilifutwa 2003, lakini sare, chakula na nauli bado ni juu ya mzazi. Ipime njia ya mtoto kwa miguu yake, si kwa pikipiki yako.

*Usalama wa wazee.* Kilifi imeshuhudia wazee wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kuna tamaa ya shamba. Mtaa unaostahili kuitwa mzuri ni ule ambao mzee mwenye mvi hulala bila hofu. Muulize chifu na mzee wa mtaa, uwasikilize pia wazee wenyewe.

*Maji ya mvua na taka.* Rudi siku ya mvua kubwa. Utajua ni nyumba gani huingiliwa na maji, na taka za mtaa huishia wapi.

8. Kipimo cha wiki mbili

1. Nunua daftari. Kila jioni andika kila shilingi iliyotoka: maji, chakula, nauli, stima, moto, vocha.
2. Andika pia saa zilizotumika kuteka maji na kusafiri.
3. Zidisha jumla ya siku 14 kwa 2, kisha ongeza kodi, SHA na ada za shule za mwezi.
4. Gawanya kwa idadi ya watu nyumbani.
5. Linganisha jumla ya mwezi, kabla ya kuigawanya, na kipato cha mwezi wako mbaya. Kama matumizi yanazidi, tafuta mstari mmoja wa kupunguza, ukianzia na ule mkubwa.
6. Kama unataka kuhamia mtaa mwingine, mwombe mkazi wa huko akuonyeshe hesabu yake.

9. Daftari lako lifike barazani

Maji, zahanati, barabara za mitaa na shule za chekechea ni kazi za kaunti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inazitaka kaunti ziwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Katikati ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni. Wengi hawaendi, na wanaokwenda mara nyingi husema tu, "Maji ni shida."

Nenda na daftari. Sema: "Mtaa wetu hununua jerikeni, sisi kaya kumi tunalipa kiasi hiki kwa mwezi, na bomba linapita umbali huu kutoka kwetu." Mlalamikaji huambiwa asubiri. Mwenye hesabu lazima ajibiwe.

Andika leo usiku. Mwishoni mwa wiki ya pili, onyesha jirani yako. Mkishakuwa kaya kumi zenye hesabu moja, ombeni nafasi kwenye baraza la wadi yenu.