SOMO LA AFYA: UGONJWA WA AKILI UNAITWAJE KWENU?



Malaria ni malaria kwa Mkongo, kwa Mrundi na kwa Mnyarwanda. Mtu akitetemeka kwa homa, jirani yeyote anajua aende wapi. Somo letu la leo linahusu magonjwa ambayo kila jamii kambini inayaita kwa jina lake, na jina hilo ndilo linaloamua mgonjwa atapelekwa wapi, atapelekwa lini, na nani atakubali kukaa naye.

Tuanze na majina yenyewe. Katika Kinyarwanda kuna agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. Kuna pia ihahamuka, neno lililoenea sana Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Watu wengi wanalihusisha na ibihaha, yaani mapafu: mtu anakosa pumzi, moyo unaenda mbio, anaona yaliyopita kana kwamba yanatokea sasa hivi. Kila mwaka katika mwezi wa nne, wakati wa kumbukumbu, wako watu wanaoanguka na kupiga kelele, na waliokaa karibu nao wanasema "amehahamuka" bila kuhitaji maelezo. Warundi nao wanatumia ihahamuka, na wana akabonge kwa huzuni inayomfanya mtu ajitenge na wenzake, na ibisigo kwa taabu inayodhaniwa kuletwa na pepo. Wanande wa Butembo wanasema amutwe alluhire, kichwa kimechoka. Wakongo wengi wakija kliniki wanasema tu "nina mawazo mengi", au "kichwa kinawaka moto", au "kuna wadudu wanatembea ndani ya kichwa".

Hata neno muganga linatuchanganya. Kwa Mnyarwanda, umuganga ni daktari au nesi. Kwa mtu aliyekulia pwani, mganga anaweza kuwa yule wa mizizi na hirizi. Mtu akikuambia "nimekwisha kwenda kwa muganga", muulize ni yupi.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Burundi, Kongo na Sudan Kusini juu ya majina kama haya. Watafiti waliwauliza watu wa kawaida wanaonaje magonjwa ya akili. Jambo moja lilionekana mahali pote: kichaa, mtu anayevua nguo njiani, anayepiga watu au kusema peke yake, kila mtu alikubali kwamba huyo ni mgonjwa wa kutafutiwa tiba. Lakini mwenye huzuni nzito hakuonekana kuwa mgonjwa. Ana shida za maisha, walisema, na msaada wake uko kwa ndugu na majirani.

Jibu hilo lina hekima ndani yake, na hatutaki kulidharau. Huzuni ya mtu aliyeacha shamba, ng'ombe na makaburi ya wazazi wake si ugonjwa wa kumeza vidonge. Tatizo ni kwamba hapa kambini wale ndugu hawapo. Mwingine alibaki Masisi, mwingine yuko kambi nyingine, mwingine hajulikani alipo. Dawa iliyotegemewa nyumbani imekatika, na mgonjwa anabaki kwenye hema akingojea watu ambao hawawezi kuja. Kama kwa zaidi ya wiki mbili mtu halali usiku, chakula hakina ladha, hawezi kwenda kuchota maji wala kufua nguo za watoto, na anasema heri angekufa, huyo amefika kwenye ugonjwa unaoitwa sonona. Unatibika. Mlete.

Na kama unaogopa kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Najua kwetu ni mwiko kutamka jambo hilo, na katika jamii nyingi aliyejiua hazikwi kama wengine. Lakini kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi anapata nafuu kwa sababu sasa kuna mtu anayejua. Ondoa dawa za kuulia wadudu, vidonge na kamba mahali anapolala, usimwache peke yake, na uje naye kliniki siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya mgao wa chakula.

Mwili unasema kile mdomo hauwezi

Wanyarwanda wana methali kwamba machozi ya mwanamume yanatiririka kwenda tumboni. Sisi kliniki tunayaona yakitokea upande mwingine: mgongo, kiungulia, kichwa kinachouma miezi sita bila homa. Mzee anakuja mara ya tano kuomba Panadol. Vipimo vya malaria na taifodi havionyeshi kitu. Wengine wanaishia kwenye waragi na kanyanga, na ugomvi nyumbani unafuata.

Kuumwa mwili kwa ajili ya mawazo si uongo. Maumivu ni ya kweli. Ila ukimwambia nesi kichwa tu, atatibu kichwa tu. Mwambie pia kwamba kilianza baada ya kufiwa na mtoto, au kwamba kinazidi usiku unaposikia mbwa wakibweka. Kuna jambo moja ambalo watu wanaficha bure: kumwona marehemu katika ndoto, au kusikia sauti ya mume aliyekufa ikikuita. Katika siku za huzuni hilo linawapata watu wengi wenye akili timamu, na peke yake si kichaa.

Uchawi, mapepo na vidonge

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Kijana wa miaka 20 anaanza kusikia sauti, halali, anasema majirani wanataka kumwekea sumu. Familia inauliza swali moja: nani amemfanyia hivi? Nesi naye ana swali lake: lilianza lini, na linaendeleaje? Maswali haya mawili hayagombani. Ni swali la pili tu linaloweza kusubiri vibaya. Kijana anayepata matibabu mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi shuleni kuliko yule aliyezungushwa mwaka mzima.

Hatumwambii mtu aache maombi. Mchungaji au shehe anayekaa na mgonjwa, anayemwita kwa jina lake na kuwaambia waumini wasimcheke, anafanya kazi ambayo kidonge hakifanyi. Mambo matatu tu ndiyo tunayoomba katika vyumba vya maombi. Mgonjwa asifungishwe kula na kunywa, maana tayari hali vizuri na mwili wake ni dhaifu. Asipigwe ili pepo litoke. Na asiambiwe kutupa dawa kama ushahidi wa imani. Kila mwaka ugonjwa unarudi kwa watu waliokuwa wamepona, kwa sababu hiyo ya tatu.

Kuna pia jambo ambalo familia nyingi hazielezwi, na sisi watoa huduma ndio tunaopaswa kulieleza. Dawa za kutuliza kichaa, kwa mfano haloperidoli, zinaweza kukaza mwili. Shingo inapinda, taya linakaza, ulimi unakuwa mzito, macho yanageuka kutazama juu, au mikono inatetemeka. Mtu asiyejua anapoona mtoto wake amepinda shingo siku mbili baada ya sindano, anasema mchawi amekasirika, au dawa ya wazungu imepigana na pepo. Si pepo. Ni madhara ya dawa, yanajulikana, na kuna dawa nyingine ya kuyaondoa kwa haraka. Rudi kliniki saa hiyohiyo, usisubiri siku ya miadi.

Kuhusu kamba na minyororo. Tunajua kwa nini familia inafunga. Usiku amekimbilia msituni, mchana amevunja vyungu vya jirani, na baba lazima aende kulima. Wanaofunga mara nyingi ni wale wanaompenda, kwa sababu wasiompenda wamekwisha kumwacha aende zake. Lakini kamba inakata nyama, kidonda kinaweza kuingia pepopunda, na mtu aliyefungwa kwenye mti hatibiwi chochote. Kabla ya kufunga, tuma mtu kwa mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu. Kwa dawa sahihi, ghasia kubwa hutulia mara nyingi katika siku chache.

Kifafa tukiseme kwa ufupi, maana wengi wanaogopa kugusa povu la mgonjwa. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kuishi nyumba moja. Ni ugonjwa wa ubongo. Watoto wenye kifafa wanaungua motoni kwa sababu watu wazima waliosimama pale waliogopa kuwavuta. Mvute, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Akianzishiwa dawa anywe kila siku na asiache ghafla, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika.

Msiba usiokuwa na matanga

Kongo mtu akifa kuna matanga. Burundi kuna siku za msiba na baadaye kuganduka, sherehe ya kuondoa msiba, ambapo watu wanakunywa pamoja na mjane anaruhusiwa kuanza maisha tena. Mambo hayo ni zaidi ya desturi za kupitisha muda. Yanaiambia akili kwamba mtu amekwenda, na yanawaambia walio hai kwamba kazi yao ya kulia ina mwisho.

Wangapi kati yetu waliondoka mbio, maiti ikabaki sebuleni? Wangapi hawajui hata leo kama mtu wao yuko hai? Mtu wa namna hiyo anaishi katikati. Hawezi kulia kwa sababu huenda ni uchuro, na hawezi kutulia kwa sababu huenda amekufa. Vidonge vya usingizi havimsaidii sana.

Maoni yetu ni kwamba matanga yanaweza kufanyika hapa, hata bila maiti, hata baada ya miaka, kama familia na wazee wanakubaliana. Wanachagua siku, wanawaita majirani, wanataja majina, wanaomba, wanakula kidogo kilichopo. Asiyejua kama mtu wake amekufa asilazimishwe. Huyo anaweza kuombewa pamoja na wengine akiwa bado anatafutwa.

Masaka na Rakai

Huenda msomaji akauliza: je, matibabu yanaweza kweli kufuata mila zetu, au ni maneno ya semina? Mfano uko hapahapa Uganda. Katika wilaya za Masaka na Rakai, zilizoumizwa sana na UKIMWI, watafiti hawakuanza na majina ya vitabuni. Waliwauliza wanavijiji, nao wakataja magonjwa mawili katika Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Mwaka 2002, katika vijiji 30, wenye magonjwa hayo walitafutwa. Katika nusu ya vijiji yaliundwa makundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, chini ya kiongozi wa jinsia yao aliyefundishwa kwa muda mfupi, ambaye si daktari. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16.

Njia yenyewe ilitoka Marekani, lakini iligeuzwa. Kule mtu anaambiwa aseme wazi hata mabaya ya marehemu. Hapa kumsema vibaya marehemu haifai, basi waliulizwa juu ya nyakati ambapo maisha pamoja naye yalikuwa magumu. Kule mke anaelekezwa amkabili mume uso kwa uso. Hapa walitafuta pamoja njia isiyomletea matatizo zaidi, kwa mfano kupitia jamaa anayeheshimiwa.

Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa makundi hayo walikuwa na sonona. Baadaye walibaki chini ya 7. Katika vijiji vilivyosubiri walianza 94 na wakabaki karibu 55. Hakuna aliyetumia kidonge katika makundi hayo kama sehemu ya tiba.

Rwanda nako, kuanzia mwaka 2005 huko Byumba, kuna makundi yanayoitwa Mvura Nkuvure, yaani nitibu nikutibu. Watu wa mlima mmoja wanakaa pamoja kwa wiki 15, na baadaye njia hiyo ilifika pia kwa wakimbizi Wakongo walioko Rwanda.

Unapokuja kliniki

Watu wanaogopa kuitwa "wa Ndera" au "wa Butabika". Majina ya hospitali yamegeuka matusi, na aliyelazwa mara moja anaitwa hivyo hata akiwa mwalimu wa watoto wetu. Kwa hiyo unaruhusiwa kuja na kusema "nina kichwa" pale mapokezi, na kueleza mengine ukiwa ndani na mlango umefungwa.

Sema kwa lugha yako na kwa jina lenu la ugonjwa. Usitafute neno la Kiingereza au la Kifaransa ili kutufurahisha. Kama mkalimani ni jirani yako, au ni wa kabila ambalo huliamini, omba mwingine, na hulazimiki kueleza kwa nini. Mwanamke anaweza kuomba mkalimani mwanamke. Na mtoto asitumiwe kumtafsiria mama yake, hata kama ndiye anayejua Kiingereza nyumbani. Yako mambo ambayo mama hatayasema mbele yake, na huenda hayo ndiyo yaliyomleta.