Choo cheusi kwa mjamzito: weka chini hiyo chupa ya mafuta ya nyonyo

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mimba ya miezi mitano, ni ya kwanza. Tangu nianze vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki, choo kimekuwa cheusi tii na kigumu, naweza kumaliza siku tatu bila kwenda. Mama mkwe anasema huo ni uchafu unaomkaa mtoto, nisafishe tumbo kwa mafuta ya nyonyo. Vidonge nimeviacha wiki mbili sasa. Je, mafuta hayo yana madhara? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mafuta hayo usinywe hata kijiko kimoja, na vidonge anza tena leo usiku baada ya kula. Ukimaliza kusoma, msomee na mama mkwe. Najua anakutakia mema, ila katika hili amekosea.

Hofu hii naikuta kliniki kila mara. Mama anakaa, nafunua kope lake la chini, nakuta weupe mtupu. Namuuliza kama anakunywa vidonge, anajibu ndiyo. Nikimwomba afungue mkoba, pakiti zinatoka nzima, zimeviringishwa kwenye kitambaa pamoja na kadi. Aliambiwa vinamchafua mtoto, akavihifadhi. Damu yake inapungua wiki hadi wiki, na nyumbani wanaamini wamemwokoa mtoto.

Weusi ule ni madini ya chuma. Kidonge kina chuma kingi kuliko utumbo unavyoweza kufyonza, na kinachobaki hutoka na choo na kukipa rangi nyeusi au kijani kibichi. Mtoto yuko kwenye mfuko wa uzazi, amezungukwa na maji yake, na chakula chake kinapitia kondo la nyuma. Njia ya choo haimgusi kabisa. Hakuna dawa ya kuharisha, iwe ya dukani au ya shambani, inayomwosha mtoto aliye tumboni.

Nyonyo ni dawa kali ya kuharisha. Ikifika tumboni hutoa asidi inayochokoza misuli ya utumbo, nao unabana kwa nguvu mpaka mama anaharisha maji matupu. Asidi hiyohiyo huchokoza pia misuli ya mfuko wa uzazi, ndiyo maana tangu zamani mafuta haya yametumika kuanzisha uchungu. Wanawake wengi wanalijua hilo. Basi nauliza: kitu kinachojulikana mtaani kwa kuleta uchungu, kinapewaje mwenye mimba ya miezi mitano? Mtoto wa umri huo akitoka hawezi kuishi. Na hata mimba isipotoka, maji na chumvi vinakwisha mwilini, presha inashuka, mama anaanguka chooni. Wala usiseme utayasubiri mpaka mwezi wa tisa. Uchungu mkali wa ghafla mbali na mkunga ni hatari, na kwa aliyewahi kujifungua kwa upasuaji mfuko wa uzazi unaweza kuchanika.

Ugumu wa choo chenyewe ni jambo la kawaida: homoni za mimba hulegeza utumbo, na vidonge vinaongezea. Kunywa maji kutwa nzima, usingoje kiu. Kula papai, chungwa pamoja na nyama zake, maharage, mboga za majani, na ugali wa dona badala ya sembe. Tembea jioni. Kidonge kimeze kwa maji au juisi ya chungwa. Chai na maziwa vikae mbali nacho, maana vinazuia chuma kufyonzwa. Na kama unatafuna ule udongo unaouzwa sokoni, acha. Unafunga choo, unaweza kukuletea minyoo, na hamu yake mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Choo kikikataa kulainika, kliniki kuna dawa zilizo salama kwa mjamzito.

Ninalokulaumu ni zile wiki mbili. Umemsikiliza mama mkwe, umeandikia gazeti, lakini muuguzi aliyekupa vidonge hujamuuliza. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, kuanzia kabla ya wiki ya 12, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi haikuzuii kwenda mapema ukiwa na shida. Kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua kunaongoza kwa kuua akina mama duniani, na anayeingia leba akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza.

Kesho asubuhi nenda na kadi yako, vidonge vilivyobaki na chupa ya mafuta ya nyonyo kama unayo. Sema ukweli kwamba uliacha, upimwe wingi wa damu. Lakini ukiona choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya, hiyo inaweza kuwa damu kutoka tumboni. Vilevile ukitapika kila unachokula, ukiumwa chini ya mbavu huku kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, viganja na nyayo vikiwasha sana, au tumbo likibana na kuachia, usingoje asubuhi. Nenda usiku huohuo.